Mwanafunzi Mgeni Mjini Bujumbura

Burundi na Tanzania zimo katika Jumuiya moja tangu 2007, lakini Mtanzania aendaye kusoma Chuo Kikuu cha Burundi hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima. Hilo ni jepesi. Zito ni lugha: masomo mengi hufundishwa kwa Kifaransa, na mhadhiri hamngojei mtu apekue kamusi.

Faraja ipo Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi ya Wabelgiji. Huko atanunua mchele, ataulizia njia na kutaniana kwa Kiswahili. Hata mgebuka wa Kigoma atamkuta sokoni, ila hapa huitwa mukeke. Lakini faraja hiyo ina hila. Ashindaye Buyenzi kila jioni, mtihani utamkuta na Kifaransa kile kile alichowasili nacho, na mwaka umekwisha potea. Afadhali jioni za juma asome pamoja na wenyeji, wakipika maharagwe na ndizi, Buyenzi ibaki ya Jumapili. Kirundi nacho asikidharau. Asubuhi wenyeji husalimiana "bwakeye". Mgeni akiwahi kuitoa salamu hiyo, mara ataulizwa kwao ni wapi.