Apimwaye Hana Budi Kuambiwa

Katika somo la fonetiki, mimi huwaandikia wanafunzi wangu maneno matatu ubaoni: fuka, shuka, suka. Kinachoyatofautisha ni sauti ya mwanzo tu. Kisha huwauliza, je, asiyeweza kuzitenganisha sauti hizo ataelewa nini? Wanafunzi hucheka. Mimi sicheki, kwa maana namkumbuka kaka yangu.

Kaka alihudumia mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo kwa miaka kumi na tisa. Siku moja tukiwa ndani ya matatu nilimwambia, "Shuka." Akanijibu, "Nisuke nini?" Abiria waliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao bila kujua kilichowachekesha.

Kelele kali huziharibu seli nyororo zilizomo ndani ya sikio, nazo zikishakufa hazioti tena. Aghalabu madhara huanzia kwenye sauti nyembamba, zenye mitetemo kama 4,000 kwa sekunde. Huko ndiko kuliko sehemu kubwa ya nguvu za vikwamizi kama s, ilhali irabu huendelea kusikika. Ndiyo sababu mwathiriwa hudai kwamba anasikia vyema, ila watu siku hizi wanatafuna maneno. Kipimo cha usikivu huweza kuuona ufa huo kabla mwenyewe hajautambua.

Hapa Kenya hatukukosa sheria. Kanuni za mwaka wa 2005 zinamlazimu mwajiri kuhakikisha kwamba wafanyakazi walio katika kazi za hatari zilizoorodheshwa wamechunguzwa na daktari wanapoajiriwa, mara kwa mara wawapo kazini, na wanapoondoka. Gharama ni ya mwajiri. Kanuni za kelele za mwaka uo huo zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Mwaka wa 2007 ikapitishwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini.

Basi kaka yangu hakupimwa? Alipimwa! Baada ya kustaafu kwake nilizikuta karatasi tatu ndani ya sanduku lake, za miaka mbalimbali, zote kwa Kiingereza. Katika kila karatasi mchoro ulikuwa umeporomoka kuliko ule uliotangulia. "Nilidhani ni risiti," alisema. Alitia sahihi, akarudi kwenye mashine. Nami ninayeitwa daktari nililiona sanduku hilo kila Krismasi, nisiulize lolote.

Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na mfanyakazi wetu amefungiwa humo: anaajiriwa, anapimwa, anaandikwa. Hapana budi tuongeze kitenzi kimoja: anaambiwa. Aambiwe kwa lugha anayoielewa, na kwa mdomo pia, maana ya matokeo na hatua ya kuchukua: mashine ipunguzwe kelele, avae vizibo vya masikio, au ahamishiwe idara nyingine.

Wapo watakaosema kwamba mfanyakazi mwenyewe hataki kujua, kwa kuchelea kufutwa. Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Lakini dawa yake ni kumhakikishia kazi nyingine isiyomdhuru. Kumficha hakumwokoi, kunamchelewesha tu mpaka asiwe na cha kuokoa.

Walimu wenzangu, wengi wa vijana walio mbele yetu watakwenda viwandani, kwenye machimbo ya mawe na karakana za jua kali. Tuwafunze kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi: Nimepimwa nini? Mmeona nini? Nifanye nini?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika sikio la mwanadamu, ukuta ukianguka haujengwi tena.