Kosa la Zamani na Adhabu ya Leo

Katika vijiji vyetu vya Kibiti na Delta ya Rufiji suali hili huulizwa mara nyingi: mtu aliyetenda kosa zamani, akashitakiwa baada ya miaka mingi, huhukumiwa kwa sheria ya siku ile au ya leo? Wako wasemao kuwa kosa limekwisha chakaa, basi na liachwe. Na wako wasemao kuwa apewe adhabu kali kuliko zote zilizopo sasa. Kauli zote mbili haziko sawa.

Kwanza, kosa kubwa halichakai. Sheria ya Tanzania inayoweka ukomo wa muda katika madai, kama vile ya deni na ardhi, haihusu mashitaka ya jinai. Aliyemdhulumu mtoto wa mwenziwe aweza kuitwa mahakamani hata akiwa na mvi.

Pili, adhabu ina mpaka wake. Katiba yetu, katika Ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda, na inakataza pia kumpa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo siku ya kosa. Jirani zetu wa Kenya wamezidisha: Katiba yao ya 2010 yasema kwamba ikiwa adhabu imebadilika kabla ya hukumu kutolewa, mkosaji apewe iliyo nyepesi.

Tutazame kosa la kubaka. Tangu zamani lilikuwa jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, lakini hakimu alikuwa na hiari ya kutoa pungufu. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Masharti Maalumu ya Makosa ya Kujamiiana, ikaweka kwa mtu mzima kifungo kisichopungua miaka 30. Basi aliyetenda 1996, hata akishitakiwa leo, hakimu halazimiki kwa ile miaka 30. Lakini mkosaji naye asifurahi, kwani sheria ya zamani haikuwa nyepesi.

Hapa ndipo tarehe inapokuwa na uzito. Wazee wetu huhesabu miaka kwa mafuriko ya mto, na gharika ya Elinino ilitufika 1997 na 1998, wakati ule ule wa kubadilika kwa sheria. Shahidi akisema tu kuwa jambo lilikuwa “mwaka wa mafuriko,” haijulikani ni kabla ya sheria mpya au baada yake, na hapo haki ya mmoja yaweza kupotea.

Haya si mageni kwa Muislamu. Katika Sura ya Bani Israili, aya ya 15, tunafundishwa kuwa Mwenyezi Mungu haadhibu watu kabla ya kuwapelekea Mtume. Ilani hutangulia, adhabu hufuata.

Basi, enyi wazazi, tunzeni vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto wenu. Mtoto akidhulumiwa, msiyamalize mambo barazani kwa fidia na kuyafunika. Pelekeni khabari polisi na hospitali siku ile ile, na tarehe iandikwe. Nanyi vijana, jueni ya kwamba miaka kupita si msamaha. Haki humtaka mkosaji ajibu alilolitenda, na humtaka hakimu asivuke mpaka.