Seti ya Roboti Darasani: Wapi Uweke Pesa, Wapi Ubane

Seti iliyofungwa kiwandani humwokolea mwalimu muda, lakini nyingi zina plagi na vishikizo vyake pekee. Mota ikiungua, unarudi kwa muuzaji yuleyule na kulipa bei anayotaka. Klabu ya shule yenye fedha kidogo ikusanye vipuri vya kawaida, vinavyopatikana kwa zaidi ya muuzaji mmoja.

Fremu. Ya akriliki ni nafuu, ila hupasuka kwenye matundu ya skrubu roboti ikianguka kutoka mezani. Alumini hudumu miaka, lakini bei iko juu. Plaiwudi ya milimita 3 hukatwa na seremala wa mtaani, na ikivunjika unakata nyingine. Hapa bana pesa.

Mota. Zile ndogo za njano zenye gia za plastiki ndizo rahisi kuliko zote. Gia zake hulika, hasa watoto wakizungusha magurudumu kwa mkono, kwa hiyo nunua na za akiba. Kwa mkono wa roboti, ongeza pesa kidogo upate mota ya servo yenye gia za chuma.

Bodi ya kudhibiti. Bodi halisi inayotumiwa na wanaoanza huuzwa zaidi ya dola 20. Kopi yake hupatikana chini ya dola 10, na kwa masomo ya darasani inatosha. Ila kopi nyingi hutumia chipu tofauti ya USB, na kompyuta za zamani huzikataa mpaka uweke programu ya ziada. Nunua moja, ijaribu kwenye kompyuta za shule, ndipo uagize nyingine.

Kiendesha mota. Moduli ya L298N, yenye kipande kikubwa cha alumini cha kupozea, ni nafuu lakini humeza takriban volti 2. Betri nne za kuchaji hutoa volti 4.8 tu, hivyo mota hubakiwa na chini ya volti 3 na roboti hujikokota. Moduli ya TB6612 hupoteza umeme kidogo sana. Lipia tofauti ya bei.

Betri. Achana na ile ya mraba ya volti 9. Haimudu mota mbili na huisha upesi. Betri za kuchaji ni ghali siku ya kwanza, lakini kununua za kutupa kila wiki ni ghali zaidi.

Kabla ya kulipa, uliza: je, chaja, kishikio cha betri na kebo vimo ndani ya bei? Hakikisha kebo inapitisha data, maana nyingine huchaji tu. Ukiagiza nje, ongeza usafiri, ushuru na VAT: asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara.

Kama bajeti inatosha roboti tano, nunua nne. Pesa ya ya tano inunue chaja, betri na mota za akiba, ili zote nne ziwe bado zinatembea muhula ukiisha.