Mgomba Mmoja Ukiugua

Katika vilima vya Bashu, upande wa Vuhovi, mgomba ni tegemeo la nyumba. Ndizi zapikwa, nyingine zakamuliwa kuwa kasiksi, na mikungu yapelekwa sokoni Butembo ili kupata chumvi, sabuni na karo ya watoto. Basi, mkulima aonapo majani yakigeuka manjano na kunyauka pasipo ukame, moyo wake hushtuka, na si bure.

Ugonjwa huo ni mnyauko wa migomba. Huletwa na bakteria, kiumbe kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Ulielezwa na wataalamu huko Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo Masisi, katika Kivu yetu ya Kaskazini. Ndizi huiva kabla ya wakati, nazo ukizipasua zimeoza ndani. Shina likikatwa hutoa uchafu wa manjano. Dawa ya kuuponya hakuna.

Huenezwaje? Wadudu huutoa katika ua la mgomba mmoja na kuupeleka kwa mwingine. Machipukizi ya shamba gonjwa huuhamisha. Tena, ndugu msomaji, mara nyingi mwenezaji ni sisi wenyewe, kwa panga letu lisilosafishwa.

Hapo kwanza washauri walisema: ng'oeni kisiki chote, mama na watoto wake. Shauri lilikuwa jema, lakini nani ataweza? Mjane mwenye jembe moja atachimba visiki vingapi? Na akimaliza, atawalisha wanawe nini mpaka migomba mipya izae? Wengi walikata tamaa, na ugonjwa ukaendelea.

Hapo ndipo elimu ilipoteremka shambani. Watafiti wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, walishirikiana na wataalamu wa ndizi wa nchi nyingine kuyachunguza mashamba ya Kivu. Waligundua kwamba shina moja likiugua, si lazima ndugu zake wote wa kisiki kile waugue. Kwa hiyo hakuna haja ya kuharibu chote. Matokeo ya majaribio hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Kazi yenyewe ni hii. Kagua shamba lako mara kwa mara. Shina lenye dalili likate chini kabisa, usawa wa udongo, na yale mazima yaache. Kisha lipitishe panga motoni, au lioshe kwa jiki, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Chane ya mwisho ikishatokea, vunja ua lining'inialo kwa mti wenye panda, wala si kwa kisu. Machipukizi ya kupanda yatoke katika shamba zima tu.

Ugonjwa hautakoma siku moja. Shina jingine litaugua, nalo likatwe vivyo hivyo. Mwenye subira ataona idadi ikipungua mwezi kwa mwezi.

Lakini jambo moja lisisahauliwe. Nyuki hajui mpaka wa shamba, na panga la kuazima huingia kila boma. Mmoja akifanya bidii na jirani yake akalala, kazi ya wote wawili itapotea. Basi jioni hii, kabla hujamwazima jirani panga lako, lipitishe kwanza motoni.