Shella, Malindi: Soma Jina Kabla ya PIN

Jumamosi iliyopita tulifunga ofisi, tukapanda tuktuk mpaka Shella, mtaa wa kale wa Malindi, kutembelea Makumbusho ya Malindi. Jengo linajulikana kama Nyumba ya Nguzo, na ukifika huhitaji kuuliza kwa nini.

Hata hatujafika mlangoni, kijana mmoja wa barabarani, ambaye si mfanyakazi wa pale, akatuita. "Mabosi, mnaingia makumbusho? Nitumieni kwa nambari yangu, nitawakatia tiketi bei nafuu." Mwenzetu alikuwa ashaandika nambari. Jina lilipotokea kwenye simu, likawa la mtu binafsi. Akakatisha. (Na ndiye anayewafundisha nyinyi wateja mambo haya!)

Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222, na akaunti ni nambari ya bili uliyopewa. Ukipewa nambari ya simu ya mtu, pesa inaingia mfukoni mwake. Ukishaweka PIN, kilichobaki ni kupiga huduma kwa wateja haraka, kabla hajaitoa kwa wakala.

Haya, turudi Shella. Wageni wengi huja na Vasco da Gama kichwani, aliyetia nanga hapa Aprili 1498 na kupata rubani wa kumvusha hadi India. Sisi mazungumzo yetu yalikwama kwa wakulima. Karne ya 19 Malindi ilikuwa mji wa nafaka. Mtama na ufuta ulipakiwa majahazini, na wengi waliolima mashamba yale walikuwa watumwa. Tusilipite hilo kimyakimya.

Ndani zaidi, kandokando ya mto Sabaki, Wagiriama walilima mahindi yao na kuuza ziada kwa wafanyabiashara wa pwani. Mtu ana ghala lake, aende kuajiriwa na nani? Waingereza wakaja na kodi ya nyumba, tena wakataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba makubwa ya wengine. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akawaambia watu wakatae, wakala kiapo. Akakamatwa, akapelekwa mbali kule Kisii. Akatoroka, akarudi kwao. Mwaka 1914 serikali ikawapiga Wagiriama vita na kuwatoza faini juu yake.

Mama mmoja muuza mahindi, tuliyeingia naye, alisikiliza yote kisha akauliza, "Na hiyo kodi, wanangu, walikuwa wakipewa risiti?" Tukacheka. Halafu tukanyamaza.

Kutoka hapo, kanisa dogo la Wareno na nguzo ya Vasco da Gama haviko mbali. Uliza dirishani kama tiketi yako inafika huko, na usiifute ile SMS ya malipo. Beba maji pia. Jua la Shella saa saba mchana halina huruma.