Belize

Belize ni nchi ya Amerika ya Kati kwenye pwani ya Bahari ya Karibi. Imepakana na Mexiko upande wa kaskazini na Guatemala upande wa magharibi na kusini. Mji mkuu ni Belmopan, uliojengwa baada ya kimbunga Hattie kuharibu Belize City mwaka 1961.

Historia

Wamaya walijenga hapa miji mikubwa kama Caracol. Baadaye walikuja Waingereza kukata miti ya mbao, wakitumia watumwa wenye asili ya Afrika. Koloni hilo liliitwa Honduras ya Kiingereza hadi 1973, likapata uhuru tarehe 21 Septemba 1981. Guatemala hudai sehemu ya eneo lake. Baada ya kura za maoni za 2018 na 2019, kesi ilipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki.

Watu

Wakazi wengi ni Mestizo, wakifuatwa na Wakreoli, Wamaya na Wagarifuna. Lugha rasmi ni Kiingereza, lakini Kihispania na Kikreoli huzungumzwa sana.

Utalii

Watalii huvutiwa hasa na miamba ya matumbawe, iliyoandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwaka 2009 iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikaondolewa 2018 baada ya serikali kusimamisha utafutaji wa mafuta baharini na kuimarisha ulinzi wa mikoko.