Zabibu Zilazwazo Vichanjani

Askari aliyepata kupangiwa kazi Karambi, upande wa Bwera karibu na mpaka wa Kongo, anafahamu kwamba mtengenezaji wa pombe ya ndizi hakamui ndizi siku ile ile aliyokata mkungu. Huzivundika kwanza katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, akazifunika siku kadhaa hadi wanga wake ugeuke sukari. Pasipo sukari hapana pombe.

Huko kaskazini ya Italia, katika vilima vya Valpolicella karibu na mji wa Verona, wakulima nao hawana haraka. Mvinyo wao mwekundu mzito, uitwao Amarone, hutokana na zabibu za aina ya Corvina, Corvinone na Rondinella. Zikisha kuchumwa, mwezi wa Septemba au Oktoba, hulazwa juu ya vichanja vya matete au ndani ya makasha, katika dari zipitishazo upepo, kwa muda wa siku 100 hivi au zaidi. Humo hupoteza takriban theluthi moja ya uzito wake. Kinachotoka ni maji, sukari hubaki. Hapo ndipo zinapotofautiana na ndizi zetu: shimo huzalisha sukari, kichanja huikusanya. Mwezi wa Januari au Februari ndipo hukamuliwa.

Kuzilinda si kazi ndogo. Unyevu ukizidi huingia ukungu, na tunda moja lililooza huharibu kichala kizima. Mkulima wa kahawa wa Karambi angeielewa hofu hiyo mara moja, maana naye huanika matunda yake, huyageuza, na kuyafunika mvua ishukapo kutoka milima ya Rwenzori.

Desturi hii ni kongwe. Cassiodorus, waziri wa wafalme wa Wagothi katika karne ya 6, aliusifu mvinyo wa zabibu zilizokaushwa wa nchi hiyo. Zamani watu walipendelea ule mtamu uitwao Recioto, ambao huacha kuchacha kabla sukari haijaisha. Ukiachwa uendelee mpaka sukari iishe, utamu hutoweka, na ndipo jina Amarone lilipopatikana, kwani "amaro" kwa Kiitaliano ni chungu. Sheria ya Italia iliutambua mwaka 1968, ikaupandisha daraja la juu kabisa mwaka 2010, na yataka ukae ghalani si chini ya miaka miwili.

Sheria hiyo hiyo yataka alkoholi isipungue asilimia 14, na mwingi hufika 15 au 16. Hesabu hii imhusu kila avaaye sare: bilauri moja ya mililita 150 inakaribia nguvu ya chupa ya bia ya nusu lita, na bilauri hunywewa upesi kuliko chupa.

Hata hivyo, nguvu yote hiyo imetoka ndani ya tunda. Hamira yenyewe hulemewa na alkoholi ikasimama. Waragi ya magendo haina kikomo cha namna hiyo, na wapo wafanyabiashara wanaoiongezea ukali kwa methanoli, sumu ipofushayo na kuua. Mwaka 2010, wilayani Kabale, makumi ya watu walikufa kwa kinywaji cha jinsi hiyo. Methanoli haitambulikani kwa macho wala kwa pua. Polisi akamataye mtungi wenye shaka hana budi kuupeleka maabara, wala asithubutu kuuonja.